Soda za Mkutano

"Ng'ombe wako ndiye aliyetufungia njia, usinitolee macho!"

"Ng'ombe wangu? Kwani ng'ombe wangu ana simu ya kumpigia mkandarasi?"

"Alikwenda kusimama katikati ya reli kama abiria wa Tanga! Treni imepiga honi mpaka watoto wa shule wametoka madarasani. Ulitaka mafundi wasije?"

"Mae! Sasa sikiliza, Rukaya. Lile tundu lilikuwa la kupita kuku. Kuku! Nani alilitanua na magurudumu yake asubuhi na jioni mpaka likawa kubwa kama geti la kanisa? Sema basi, si unapenda kusema."

Mama Gladness alikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Ugomvi ulikuwa umemnogea hata akasahau kuutua. Rukaya alikuwa chini ya paa la nyumba yake, ameketi kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa kuzungusha pedali kwa mikono. Kati yao palikuwa na bomba la maji wanalochangia na kamba ya nguo wanayochangia. Wanawake watatu wenye ndoo walisimama bombani, na ndoo ya kwanza ilikuwa imejaa na kumwagika muda mrefu bila mtu kufunga maji, maana nani angeweza kufunga maji kukiwa na mambo kama hayo.

Tundu lenyewe lilikuwa hatua chache nyuma ya nyumba, kwenye uzio mpya wa stesheni. Jana mchana mafundi wawili walikuja na mashine ya kuchomelea, wakabandika nondo nne pale, wakazipaka rangi ya fedha, wakaondoka. Hawakukaa hata nusu saa.

"Nina mpaka Ijumaa," Rukaya alisema, na sauti ikashuka. "Wenseslaus kanipigia. Nisipoonekana barazani mpaka Ijumaa, nafasi anampa binti wa Sanya Juu."

Mama Gladness akatua majani. Akaingia bandani kwa ng'ombe wake na kufunga mlango kwa kishindo. Wale wenye ndoo wakakumbuka bomba.

Rukaya alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Polio ilimpata akiwa hajaanza shule, ikamwachia mikono ambayo mtaa mzima uliisifia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na cherehani yake ya mkono kwenye baraza la duka la Wenseslaus, ng'ambo ya reli, mahali ambapo watu wa sokoni, walimu na wauza mitumba wote hupita. Alipunguza sare, alitia zipu, alidarizi majina kwenye foronya za maharusi. Habari zote za mjini zilipita barazani pale kabla hazijafika redioni: nani kaoa mke wa pili, kahawa ya nani huko Machame imenyauka, mchungaji gani kahamishwa na kwa nini. Watu walikuja na suruali moja ya kukunjwa wakakaa saa mbili. Kufika pale kutoka nyumbani kulimchukua dakika sita. Kulikuwa na kivuko ambacho wenyeji walikitengeneza wenyewe tangu enzi za baba zao, mataruma ya zamani yamelazwa kati ya reli na kokoto zimeshindiliwa, hata mtu wa toroli alivuka bila kuyumba.

Kisha stesheni ikaboreshwa.

Imekuwa nzuri, hilo hakuna aliyelikataa. Jengo limepakwa rangi, sakafu ina vigae, kuna viti vya chuma na taa na kipaza sauti kinachowatakia abiria safari njema hata siku ambazo treni haipo. Kumejengwa na daraja la kuvukia watu, la chuma, ngazi ishirini na sita za kupanda na ishirini na sita za kushuka. Kwenye bango kubwa lililotangulia ujenzi, daraja hilo lilikuwa na njia ya mteremko inayozunguka taratibu kama gamba la konokono, na juu yake amechorwa mtu kwenye kiti cha magurudumu akitabasamu. Njia hiyo, waliambiwa, ni ya awamu ya pili. Awamu ya pili ni lini, hapo kila aliyeulizwa alitazama simu yake.

Wiki ya kwanza Rukaya alibebwa. Wapagazi wawili wa sokoni walimvusha, mmoja kambeba yeye, mwingine kabeba baiskeli. Walimwita mzigo, kwa utani, naye akacheka. Siku ya nne yule aliyembeba akamshika mahali ambapo mtu hashikwi, na alipomkemea akasema ngazi zinateleza, dada, nishike wapi sasa? Siku ya tano hakuwaita. Akagundua tundu la kuku.

Na sasa tundu nalo limekwenda.

Jumatano asubuhi alijitanda mtandio wake wa kijani, ule wa harusini, akaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Ofisi iko upande huuhuu wa reli, ila ina kizingiti kirefu, kwa hiyo mambo yake huzungumziwa mlangoni. Yeye alibaki chini, juani. Mwenyekiti Valerian alitoka akasimama juu ya kizingiti na kikombe cha chai. Nyuma yake alikuwepo kijana wa mradi, Hosea, afisa wa mahusiano na jamii, ambaye huja kila Jumatano na mkoba wa majalada.

"Dada Rukaya! Umependeza, kuna harusi hatujaambiwa?"

"Ingekuwa harusi ungeshanusa pilau, mwenyekiti. Nimekuja kwa habari ya njia."

"Njia ipi?"

"Ya kuvukia. Mmeziba."

Valerian akamgeukia Hosea kama mtu anayempisha mwenzake kwenye mlango. Hosea akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri kweli, la mtu aliyesomea.

"Dada yangu, pale hapajawahi kuwa njia. Ni uvunjifu wa uzio. Juzi tu ng'ombe kaingia, treni imesimama kwa dharura. Angekufa mtu, ungekuja kutulaumu sisi."

"Sitaki tundu. Nataka kivuko. Tulikuwa nacho, tukawaambia msikifunge. Mimi mwenyewe nilisema. Ulikuwepo. Uliandika."

"Niliandika," Hosea alikubali. Akafungua jalada, akalamba kidole, akafunua. "Haya hapa. Maoni ya wananchi. 'Mkazi mmoja aliomba kuwepo na vivuli.' Si vimewekwa? Vizuri sana, vya bati la kisasa."

Rukaya alikumbuka siku ile neno kwa neno. Ilikuwa miaka miwili iliyopita, chini ya turubai, na alinyoosha mkono kabla ya wanaume. Alisema kivuko msikifunge, na mkikifunga wekeni njia ya gurudumu. Akasema mlango wa choo uwe mpana, maana si kila anayebanwa ana miguu. Na vivuli navyo msivisahau, akasema, kwa sababu treni huchelewa lakini jua halichelewi. Watu walipasuka kicheko, wakapiga makofi, na Hosea akasema, maoni mazuri sana dada, tunayachukua.

"Vivuli viko kule," Rukaya alisema. "Mimi niko huku."

"Halafu kuna hili." Hosea akashuka ngazi moja, akamshushia jalada usawa wa macho, akalishika mwenyewe asilitoe mkononi. Juu palikuwa na mistari iliyopigwa chapa: Sisi wakazi tuliotajwa hapa chini tumeelimishwa na tumeridhia kwa hiari kufungwa kwa kivuko kisicho rasmi. Chini yake, namba moja hadi kumi na nne. Namba saba: Rukaya. Saini yake.

"Hii ni karatasi ya soda," Rukaya alisema.

"Ni karatasi ya nini?"

"Ya soda! Tulisaini ndipo tukapewa soda. Kila jina soda moja. Hayo maneno ya juu hayakuwepo."

"Yalikuwepo. Huu ndio ukurasa wa kwanza. Mlipokuwa mnasaini ulikuwa umekunjwa tu, kwa ajili ya upepo." Hosea alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. "Dada, mtu mzima unasainije kitu hujakisoma?"

Rukaya aliinama kwenye karatasi. Alikuwa anasoma majina. Mama Gladness, namba nane. Bibi Rahma, namba tisa, na msalaba pembeni badala ya saini. Elisifa wa kona, Abdulsalam fundi viatu, Ruth, Sophia.

Siku ile ya mkutano Mama Gladness hakuwepo. Ng'ombe wake alikuwa anazaa. Bibi Rahma alikuwa anaumwa kiuno. Nyumba nne zilikwenda msibani, nyingine ziko vibaruani. Na mtaani kwao, aliyepo mkutanoni humsainia asiyekuwepo. Ndivyo ilivyo tangu zamani, hakuna anayeona ajabu. Vyandarua vilipogawiwa, Rukaya alikuwa kalazwa hospitali, na Mama Gladness ndiye aliyemsainia. Bila hivyo mbu wangemla. Unga wa msaada ulipokuja, Abdulsalam alisainia nyumba tano. Kumsahau jirani kwenye karatasi ni sawa na kumlia chakula chake. Kwa hiyo siku ya soda Rukaya aliwakumbuka wote. Aliandika majina kumi na matatu mbali na lake, kila moja na mwandiko wake, moja limelala, lingine limesimama, na kwa Bibi Rahma akaweka msalaba, kwa sababu Bibi Rahma hajui kuandika na uongo nao uwe na ukweli kidogo. Akarudi na kreti mapajani, pedali zinazunguka, chupa zinagongana, na jioni ile nyumba yake ilijaa hadi watu wakakalia ndoo. Walicheka mpaka usingizi ukawapitia watoto sakafuni.

"Kama wakazi hawa kumi na wanne," Hosea alikuwa anaendelea, "wanataka jambo lifunguliwe upya, inawezekana. Sheria inaruhusu. Waje mmoja mmoja mbele ya mwanasheria wa mradi, kila mtu aikane saini yake."

"Watakuja," Rukaya alisema. "Wote watakuja. Hata leo."

Hapo Valerian akanyoosha shingo kutazama karatasi. Akaitazama kwa muda. Akaweka kikombe chini.

"Hosea, niachie dakika moja na dada yangu."

Hosea akaingia ndani. Valerian akachuchumaa juu ya kizingiti, magoti yakalia.

"Rukaya. Hii G."

"G gani?"

"Hii hapa, yenye mkia umejikunja. Naijua. Uliidarizi kwenye foronya za mke wangu. Kila usiku nalalia mkia huu." Akacheka kidogo, bila furaha. "Na hii R, na hii E. Wote hawa ni mkono wako."

Rukaya alitazama mikono yake.

"Sasa wakija kukana," Valerian alisema, "wataulizwa, kama si wewe, nani? Hapo sijui utajibu nini. Kule mjini jambo hili hawaliiti kusainiana. Wanaita kughushi. Watu wanafungwa kwa jambo hilo, na gereza nalo, nikuambie ukweli, halina njia ya magurudumu."

"Mwenyekiti, si unajua? Wewe mwenyewe siku ya vyandarua ulisainia..."

"Mimi sijui kitu." Alisimama. "Mimi ni ndugu yako. Nakulinda. Nenda nyumbani, funga mdomo, subiri awamu ya pili."

Alikwenda nyumbani, ila moyo wake haukukaa. Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, akaamua kuzunguka. Kuna geti la magari, lami inapokatana na reli, lakini kulifikia ni kilomita saba kwa barabara ya malori. Dereva wa bajaji alikuwa radhi kumbeba yeye, si baiskeli. Na Rukaya bila baiskeli ni mtu wa kuwekwa mahali. Basi akazungusha pedali. Mlima wote ulikuwa wazi asubuhi ile, Kibo imekaa pale juu nyeupe haina habari na mtu, na lori la mchanga likampita karibu mno hata mtandio ukavutwa na kuangukia mtaroni. Kwenye mwinuko wa maghala mnyororo ukatoka. Akaurudisha. Ukatoka tena. Saa tatu ilimkuta palepale, viganja vimetoka damu, na mafundi wawili wa gereji wakamsukuma kumrudisha alikotoka. Walikuwa wastaarabu. Walimsimulia njia nzima habari za mpira.

Ijumaa alikaa nyuma ya nyumba, uso kwenye nondo za rangi ya fedha.

Kutoka pale baraza lilionekana. Si mbali, mtu akiita kwa nguvu, mwenzake husikia. Aliona pazia la bluu la duka. Alimwona Wenseslaus anatoka, anatazama saa, anaingia. Saa nne akamwona binti mwembamba anashusha kitu kutoka kwenye pikipiki, kimefunikwa kanga, na Wenseslaus anavuta waya kutoka dukani. Cherehani ya umeme. Simu ya Rukaya ikaita, naye akaitazama ikiita mkononi mpaka ikachoka. Ng'ambo ya reli Wenseslaus akaitoa simu yake sikioni.

Na hapo ndipo alipomwona Mama Gladness juu ya daraja.

Alikuwa anakuja kutoka upande wa mjini. Kichwani alikuwa na cherehani ya mkono, kwenye sanduku lake la mbao, ameishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili kwenye chuma cha daraja. Alishuka ngazi moja moja, kiubavu, kama mtu aliyebeba maji ya moto. Abiria mmoja alitaka kumpita akamfokea akasimama. Rukaya alizihesabu zote ishirini na sita.

Mama Gladness alipofika aliituliza cherehani juu ya beseni lililopinduliwa, akaketi chini na kujipepea na ncha ya kitenge. Hawakuwa wamesemeshana tangu Jumanne.

"Nimekuletea," alisema. "Nimeona heri niende mwenyewe. Yule binti alishaanza kuweka mkasi wake juu yake. Nikamwambia, mwanangu, hiyo si meza, hiyo ni ya mtu. Hana ubaya. Alitaka kulia, maskini. Wenseslaus kasema anakusalimu, na kwamba yeye hana tatizo na wewe."

"Asante."

"Sindano zako ziko kwenye kopo. Nimezihesabu mbele yake, maana Mangi yule mwenye duka simwamini. Utashonea hapa hapa."

Rukaya alitazama huku na huku. Banda la ng'ombe, bomba, kamba ya nguo, uzio. Kila mtu wa mtaa ule alikuwa amekwisha kupunguziwa suruali zake zote.

"Mama Gladness."

"Nini?"

"Ile karatasi ya stesheni. Inayosema tumekubali kivuko kifungwe. Jina lako niliandika mimi. Lako na ya wote. Mimi nikaja kukutukania ng'ombe."

Mama Gladness aliokota jani la mgomba, akalichanachana.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Valerian alitupitia jana, wakati wewe uko barabarani huko. Alikuwa na yule kijana wa tabasamu. Nyumba kwa nyumba. Akasema mambo yamekuwa mabaya, kuna watu wanataka kukushitaki, unaweza kufungwa. Ila kuna dawa. Kila mtu athibitishe kwamba ile saini ni ya kwake, aliiweka mwenyewe, kwa hiari. Ameleta na karatasi."

Rukaya akasogeza baiskeli karibu.

"Hukusaini."

"Nisingesaini vipi, Rukaya? Wakufunge, na mimi nipo?" Mama Gladness alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Wote tumesaini. Abdulsalam hakumaliza hata kusikiliza, kachukua kalamu. Ruth alikuwa anafua, kaiacha nguo kwenye povu. Bibi Rahma wamemshika mkono akaweka dole gumba, akauliza, hii inamsaidia Rukaya wangu? Wakamwambia sana, bibi. Hatukubakisha mtu."

Upande wa pili cherehani ya umeme ilianza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikafika mpaka pale, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Mmeisoma?" Rukaya aliuliza.

"Safari hii tumesoma," Mama Gladness alisema, na akainuka na kukung'uta matako. "Yule kijana alitusomea yote, mstari kwa mstari. Inasema hatutadai njia tena, sisi wala watoto wetu. Tukasema basi, ilimradi wakuache."

Kutoka nyumbani kwa Mama Gladness kulikuwa kunatoka harufu ya ndizi na nyama, na kelele za watu wengi kwenye chumba kidogo, mtu anadai kijiko, mtu anacheka. Elisifa alichungulia dirishani akapiga ukelele, "Huyo hapo! Mleteni!" na wanawake wawili wakatoka wanapangusa mikono, wakasimama kila mmoja upande wake wa baiskeli, wakashika magurudumu ili wamvushe kizingitini.

"Nimepika machalari," Mama Gladness alisema. "Nyama ni ya kwa Fahad, kachinja mwenyewe, usianze maswali yako. Wote wako ndani, wamekataa kugusa sahani mpaka uje. Haya, Rukaya, achia breki. Ingia tule."